Mna Nini Humu? Maisha ya Mama Tryphena Mkawasi Mwandawiro (1914–1959)

Yamesomwa na mdogo wake, Alexander Nyambu, nyumbani Ndara, Alhamisi tarehe 17 Septemba 1959

Watu wa Ndara, majirani wa Voi, na ninyi mliotoka Kasigau na njia mnaijua ilivyo, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Marehemu ndiye aliyeniagiza niandike maneno haya, na aliniagiza akiwa bado ana nguvu za kugombana. Alisema, "Alex, kwenye mazishi watu wanasifiwa mpaka unajiuliza aliyekufa ni nani. Mimi usinisifu. Andika yaliyomo." Shemeji yangu Crispus, mume wake, alisita juu ya sehemu moja. Binti yao Mable, ambaye sehemu hiyo inamhusu kuliko sisi sote, aliisoma leo asubuhi, akanirudishia karatasi na kusema, "Isome yote, Mjomba." Basi nitaisoma yote.

Marehemu alizaliwa mwaka 1914 huko Rukanga, chini ya mlima Kasigau, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nyambu na Mama Mghoi. Tarehe haijulikani. Mama yetu alisema ilikuwa wakati wa kuvuna pojo, na baada ya hapo hakutaka maswali zaidi. Mwaka uliofuata, wakati wa vita na Mjerumani, serikali iliwahamisha watu wote wa Kasigau hadi Malindi, na wengi hawakurudi. Mama alimbeba dada yangu mgongoni, na kwenye pindo la nguo akafunga mbegu za mbarika. Mbegu hizo zilipandwa Malindi, kisha zikapandwa Mwatate, familia iliporuhusiwa kukaa huko. Mafuta ya mbarika hiyo ndiyo aliyopakwa yeye, na baadaye nikapakwa mimi. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa binti hupakwa mafuta na bibi yake mzaa mama, mafuta aliyoyakamua kwa mkono wake, kuanzia siku anapozaliwa mpaka aweze kukaa mwenyewe. Naomba mshike desturi hiyo kichwani, kwa sababu tutairudia.

Alisoma shule ya misheni kule milimani kuanzia 1924 hadi 1930. Alibatizwa mwaka 1925 na akachagua jina la Tryphena kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hapakuwa na mwingine darasani aliyekuwa nalo. Alijua kusoma Kiswahili haraka na Kiingereza polepole, lakini hicho Kiingereza cha polepole alikisoma mpaka mwisho. Walimu walichoka naye. Ukimpa uji aliuliza umetengenezwa na unga gani. Ukimpa wino aliuliza weusi wake umetoka wapi. Jina la "Mna Nini Humu" alilipata shuleni, na hakuliacha tena.

Alipomaliza shule aliajiriwa kama dresa, yaani msaidizi wa muuguzi, katika zahanati ya misheni, kazi aliyoifanya mpaka alipoolewa. Kazi yake hasa ilikuwa kuchanganya dawa za ngozi. Alichanganya kiberiti cha unga na mafuta ya mgando kwa ajili ya upele. Kwa ajili ya choa kulikuwa na mafuta meupe yenye zebaki, na hayo yalifungiwa kabatini. Muuguzi Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alimweleza kwamba zebaki inaua choa, na pia inafanya ngozi iwe nyeupe kwa muda, lakini ikipakwa mwili mzima siku baada ya siku inaingia ndani, mikono inaanza kutetemeka na figo zinaharibika. Alimfundisha na namna ya kuitambua. Unachukua senti kumi ile yenye tundu, ambayo ni ya shaba, unaisugua kwa ndimu hadi ing'ae, kisha unaipaka mafuta usiyoyajua. Kama mna zebaki, shaba inageuka nyeupe kama fedha. Kama hamna, inabaki nyekundu. Tangu siku hiyo dada yangu alivaa senti yake shingoni, kwa uzi. Watu wasiomjua walidhani ni hirizi, na mzee mmoja wa kanisa alimwita kando kumuuliza. Alimwomba mzee huyo mafuta yake ya nywele ayapime. Hakuulizwa tena.

Tarehe 9 Juni 1934 alifunga ndoa na Bwana Crispus Mwandawiro wa Ndara, fundi wa reli, wakahamia landhi za Voi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mable mwaka 1935 na Hudson mwaka 1939. Kwa kuwa mimi pia nilipata ukarani hapo stesheni, nilikula kwao mara nyingi kuliko ilivyo heshima, na ndiyo maana najua ninayoyasema. Nyuma ya nyumba alikuwa na jiwe la kusagia na sufuria kubwa ya kukamulia mbarika. Nta alinunua kwa Mzee Mulei, aliyekuwa na mizinga upande wa Ndara, na kila mara aliiyeyusha kidogo mbele ya mwenyewe kuona kama haijachanganywa na mafuta ya ng'ombe. Mzee Mulei yuko hapa. Alitukanwa kwa miaka ishirini na bado alikuja leo.

Wakati huo makopo ya krimu za kung'arisha uso yalianza kujaa Voi. Mwaka 1952 Katunge, ambaye sote tunamjua na ameniruhusu nimtaje, alikuwa akiuza sokoni krimu iliyoitwa Uso Mwanana. Kifunikoni palikuwa na picha ya mwanamke mwenye mashavu kama chaki. Marehemu akasimama hapo, akalipindua kopo, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma.

"Mama Mable, unanifukuzia wateja," Katunge akasema. "Kama hutaki si uende?"

"Sijasema sitaki. Nauliza tu, mna nini humu?"

"Mna mafuta! Kwani wewe unaona nini, uji?"

Soko likacheka. Marehemu akaomba ndimu kwa jirani, akaing'arisha senti, akaipaka krimu kwa kidole gumba, akangoja. Shaba ikawa nyeupe mbele ya wanawake wote, na mmoja aliyekuwa amelinunua kopo lake asubuhi hiyo akajishika shavu. Marehemu hakumcheka Katunge. Alimwambia taratibu kwamba hiyo ni dawa ya choa, inapakwa mahali padogo kwa siku chache, na si kitu cha kupaka uso kila unapoamka. Katunge alimrudishia makopo yake tajiri wa Mombasa aliyemletea, wakatukanana sana, kisha akaanza kuuza mafuta ya marehemu. Urafiki wao ulianza hapo, na mpaka leo Katunge anasema aliupata kwa hasara.

Sifa za siku hiyo zilisambaa hadi Taveta. Wanawake walikuja landhi na makopo, vichupa na sabuni, naye aliwahukumia kila kimoja. Hii ni safi. Hii ni mafuta ya taa na manukato. Hii itupe chooni, na osha mikono. Alisaidia wengi, na wengine waliosaidiwa wako hapa na nyuso zao nzima. Lakini ameniagiza niseme yaliyomo. Dada yangu alipenda kuulizwa. Alipenda kuketi na miwani yake, kopo mkononi, watu wamenyamaza wanamngoja. Aliyeungua zaidi kwa jambo hilo alikuwa Mable. Msichana huyo alikua chini ya ile senti. Kila alichopaka kilipimwa, na mara nyingi kilipimwa mbele ya wageni. Wiki ya harusi yake na Bwana Kituku, ambaye shamba lake liko Mboghoni, huko Taveta, mama yake alikuta kopo la krimu kwenye sanduku la nguo, akalipima mbele ya mashangazi, na likatupwa chooni. Harusi ilifungwa tarehe 18 Desemba 1954, na bibi harusi hakumtazama mama yake kanisani.

Ndiyo maana mwaka 1955, Mable aliporudi Voi kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, na akatoa mwenyewe kopo jipya alilonunuliwa Mombasa, akaliweka mezani na kusema, "Mama, niangalizie hili kabla sijalitumia," dada yangu alifurahi kupita kiasi. Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa chai. Karatasi ya kopo hilo ilikuwa imeandikwa vizuri sana, kila kitu kwa mstari wake. Alikisoma kwa sauti na kukieleza kama mwalimu. Lanolini, hayo ni mafuta ya sufu ya kondoo, yanalainisha. Glisirini, hiyo inashika maji ngozi isikauke. Nta ya nyuki, hiyo tunaijua, muulize Mulei. Maji ya waridi, hayo ni harufu tu, hayana ubaya. Alipofika mwisho mkono wake ulienda shingoni kwenye senti, ukakaa hapo kidogo, ukashuka.

"Hii haina haja ya kupimwa," akasema. "Aliyeandika wazi namna hii hana la kuficha."

Nafikiri pia hakutaka kumpima tena binti yake, siku ile aliyokuja mwenyewe kuuliza. Hilo ni wazo langu mimi. Yeye hakuwahi kujitetea nalo.

Mtoto wa kiume alizaliwa mwezi wa Agosti, akaitwa Mwanzia kwa jina la babu yake, baba wa Kituku. Marehemu alikamua mbarika kwa ajili yake, akapalilia moto mwenyewe, hakutaka mtu aiguse sufuria. Mable alisema harufu ya mbarika inamchefua tangu apate mimba. Basi bibi, kwa kumpendeza, akachota krimu kutoka lile kopo safi, akaikoroga ndani ya mafuta ya mtoto, na mafuta yakanukia waridi. Akampaka mjukuu wake asubuhi na jioni, kwa mikono hiyo mnayoijua.

Baada ya wiki kadhaa viganja na nyayo za mtoto vilikuwa vyekundu na ngozi inachubuka. Alitoka jasho, alilia bila kunyamaza, akakataa titi. Kadiri ngozi ilivyochubuka ndivyo bibi alivyozidi kumpaka, kwa kuwa kwetu ngozi iliyochubuka hupakwa mafuta. Walipompeleka Mombasa daktari aliuliza, "Mtoto anapakwa nini?" Marehemu alikuwa na jibu tayari. Alitoa kopo kwenye kikapu, akamsomea daktari karatasi yote. Daktari alichota krimu kidogo ikapimwe. Lakini dada yangu hakungoja majibu. Kwenye benchi la hospitali, miongoni mwa wagonjwa, aliomba kipande cha ndimu kwa mtu aliyekuwa na chai, akaisugua senti yake, akaipaka krimu iliyobaki koponi. Crispus alikuwa karibu yake. Anasema aliitazama senti mpaka nesi akaja kumwuliza kama anaumwa. Ilikuwa nyeupe yote.

Mwanzia alifariki tarehe 3 Novemba 1955. Mable hakumfokea mama yake. Alisema neno moja tu, mlangoni, sanduku likiwa limeshapakiwa: "Mama, mimi nilikuuliza wewe." Kisha akapanda gari la moshi kwenda Taveta, na hakurudi Voi.

Wengi wenu mliona mafuta yametoweka sokoni baada ya hapo na hamkujua sababu. Jiwe la kusagia lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakalilalia. Aliporejea kazini, ilikuwa kwa kubembelezwa na Katunge, na alikuwa mtu mwingine. Hakuuliza tena "Mna nini humu?" kwa sauti ile ya kuchekesha. Mtu akileta kopo, alilipima kwanza, kisha ndipo akasoma karatasi. Mafuta yake mwenyewe, aliyoyakamua mwenyewe, aliyapima pia mbele ya mnunuzi, na mtu akimwambia si lazima, alijibu kwamba ni lazima. Nilimwambia mara nyingi kwamba mwongo ni yule aliyeandika karatasi, si yeye aliyeisoma. Alinijibu, "Alex, mimi nilikuwa na senti shingoni."

Mwezi wa Machi mwaka jana Mable alijifungua mtoto wa kike huko Mboghoni, Nduku. Desturi inasema mtoto wa kwanza, na wa kwanza tulikuwa tumemzika, lakini dada yangu alikamua mafuta hata hivyo. Mbarika tupu, hakuna waridi. Aliifunga chupa kwa nta na kuniletea stesheni niitume kwa gari la Taveta. Gari liliporudi chupa ilirudi nalo, nta yake haijaguswa, na gadi alikuwa na ujumbe: "Mable anasema umwambie Mama asante, lakini bado."

Niliogopa kumfikishia. Alisikiliza, akaiweka chupa juu ya kabati, akakaa.

"Hakusema hapana?" akaniuliza.

"Hakusema hapana."

"Amesema bado." Akarudia tena, "Bado." Dada yangu aliishi mwaka mmoja na nusu kwa neno hilo. Kila gari la Taveta lilipoingia alitafuta sababu ya kupita stesheni, mara ameniletea chakula, mara anataka kujua saa. Mimi nilijifanya sijui, naye alijifanya hajui kwamba najua.

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Alilazwa hospitali ya Voi mwezi wa Mei, kisha Mombasa mwezi wa Julai, tukaambiwa ni figo. Kama ni zile dawa alizochanganya akiwa msichana, hakuna aliyeweza kutuambia, naye hakutaka kujua. Alipoona matibabu hayamsaidii aliomba arudishwe nyumbani. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imekauka na kupasuka, yeye aliyelainisha mikono ya Voi nzima, na hakukubali tumpake. Hudson, mwanawe, alimtumia dada yake simu Jumamosi iliyopita. Gari la Taveta halitoki kila siku, kama mjuavyo. Marehemu alituaga Jumanne tarehe 15 Septemba, saa nane mchana, Crispus akiwa amemshika mkono. Dakika chache kabla ya hapo aliuliza gari linaingia lini. Nilimwambia kesho. Akasema, "Basi kesho."

Jana nilisimama stesheni nikiwa nimevaa sare, kwa sababu ilikuwa zamu yangu na kwa sababu sikutaka mtu mwingine amwambie. Mable alishuka akimshika Nduku mkono, kikapu begani. Alikuwa ametoka Mboghoni kabla habari haijamfikia. Alinisalimia vizuri.

"Shikamoo, Mjomba. Mama yuko landhi ama hospitali?" Kisha, kabla sijafungua mdomo, akatoa chupa kwenye kikapu kunionyesha. "Nimemkamulia mbarika. Nimemletea mtoto ampake."

Nilimwambia. Nimetuma na kupokea habari za vifo vya watu kwa miaka mingi pale stesheni, na sijawahi kusema sentensi nzito kama ile. Hakulia hapo. Aliuliza tu, "Jana?" Nikasema, "Jana." Akairudisha chupa kikapuni polepole, kana kwamba ingevunjika.

Yaliyotokea ndani nimeambiwa na Katunge, kwa maana wanaume tulikaa nje. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha marehemu, senti yake ingali shingoni, hakuna aliyethubutu kuifungua. Mable aliingia, akaufungua uzi. Akaomba ndimu. Akaisugua senti mpaka ikang'aa, akatoa chupa yake, akaipaka mafuta yake kwa kidole gumba, akasogea dirishani.

"Mable, mwanangu," Katunge akamwambia, "hayo ni mbarika, umekamua wewe mwenyewe. Unapima nini?"

"Mama asingekubali nimpake bila kupima."

Wakangoja wote, mle ndani, wamesimama. Senti ilibaki nyekundu. Ndipo Mable akampaka mama yake, kuanzia paji la uso hadi nyayo, na kwenye ile mikono iliyopasuka alikaa sana. Alipomaliza, Nduku alikuwa mlangoni anachungulia. Akamwita, akapiga magoti, na mafuta yaliyobaki viganjani mwake akampaka mtoto usoni. Bibi yake hakuyaona hayo. Aliyangoja kwa muda mrefu na yalimkosa kwa siku moja, na mimi dada yangu huyu ninamlilia kwa ajili ya siku hiyo moja kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Marehemu amemwacha mume wake, Bwana Crispus Mwandawiro. Watoto wake, Mable na Hudson. Mkwe wake, Bwana Kituku. Mjukuu wake, Nduku. Mimi mdogo wake. Na rafiki yake Katunge, ambaye familia imekubali aandikwe hapa pamoja nasi. Aliyemtangulia kaburini, na anayemngoja huko, ni mjukuu wake wa kwanza, Mwanzia.

Dada, uliniagiza niandike yaliyomo, na yaliyomo ndiyo haya. Senti yako iko shingoni mwa Mable. Mungu akupokee na akupe pumziko la amani.